Kitufe cha Wajinga

Kuna watu wakisikia mwanamke anaendesha kibanda cha gemu, wanaguna. Acha wagune. Veneranda wa Buzebazeba, mjini Kigoma, aligunwa tangu siku alipofunga turubai mbele ya chumba chake na kuandika mlangoni kwa chaki, GEMU HAPA, na hakuna guno lililomnyima usingizi. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa, sauti nzito ya kutoka tumboni, na sauti hiyo ndiyo iliyompa jina kabla mambo ya gemu hayajaingia.

Kwao ni Kidahwe, barabara ya kwenda Kasulu. Huko, tangu usichana wake, yeye ndiye aliyekuwa akisoma wasifu wa marehemu misibani. Ilianza kwa bahati tu. Katekista alishikwa na kwikwi mbele ya jeneza, waombolezaji wakaanza kubana midomo wasicheke, ndipo Veneranda akainuka, akampokonya karatasi na kuendelea pale pale alipoishia. Tangu hapo mtu akifariki Kidahwe, hata kabla mbao za jeneza hazijapatikana, watu wanaulizana, Veneranda yuko wapi? Na hakuwa akisoma kama kasuku. Karatasi ikisema "marehemu alikuwa mkulima," yeye alikwenda kwanza kwa wafiwa kuuliza alilima nini, alipenda mboga gani, wimbo gani alikuwa akiuharibu kanisani. Akishasimama kaburini, hata wale waliokuwa hawasalimiani na marehemu walitafuta leso.

"Mtu hafukiwi kama pando la muhogo," alikuwa akisema. "Anatajwa kwanza."

Mume alimleta mjini, kisha mume huyo huyo akaaga kwenda machimboni upande wa Mpanda kwa wiki mbili, na mpaka leo yuko njiani anarudi. Veneranda hakukaa chini kumlilia aliye hai. Aliuza mawese. Halafu shirika moja la wakimbizi likafunga ofisi yake, maana Wakongo wengi walikuwa wamesharudi kwao, na vitu vyake vikapigwa mnada. Veneranda akaenda kutafuta madumu matupu ya mawese. Dalali alikuwa na haraka zake, amefunga vitu mafungu mafungu: ukitaka madumu, sharti ubebe na televisheni pamoja na mashine ya gemu waliyokuwa wakichezea wafanyakazi wa shirika. Ndivyo alivyoingia kwenye kazi hiyo. Alikwenda kununua madumu.

Ndani ya mashine mlikuwa na sidii moja, ya kunakiliwa, haina kasha wala kitabu cha maelezo, na maandishi yake yalikuwa kama kuku amepita kwenye vumbi. Hakuna mtu Kigoma nzima aliyejua kuyasoma. Lakini bunduki haihitaji kusomwa. Katika gemu hilo unakuwa mtu mmoja mwenye bunduki mkononi na mkoba mgongoni, mji umevurugwa na vita, nawe unatakiwa uvuke mji wote ufike ng'ambo ya daraja. Njiani kuna wenye silaha wanaokuwinda, na kuna raia: muuza mboga, mzee wa baiskeli, mama mwenye ndoo. Ukimpiga yeyote, namba nyekundu inapanda pembeni ya kioo. Ukifika mwisho kioo kinakuwa cheusi tii, namba yako inabaki peke yake katikati, na chini yake mstari mmoja wa yale maandishi ya kuku. Vijana wanapiga makofi. Mwenye namba kubwa ndiye mfalme wa wiki. Gemu wakalibatiza Piga Mji.

Sasa kwenye pedi, hicho kidude cha kushika mkononi, kulikuwa na kitufe kimoja cha pembeni. Ukikibonyeza, mtu wako anainama na kuweka bunduki chini. Hapo hapo unamiminiwa risasi, umekufa, unampisha mwenzako. Wakakiita kitufe cha wajinga. Kila mgeni alikibonyeza kwa bahati mbaya katikati ya kupiga, akachekwa, akanuna, wakashikana mashati. Mwishowe Martini, kijana fundi pikipiki aliyekuwa bingwa wa kibanda, alileta plasta ya kidonda akaibandika juu ya kitufe hicho, pedi zote mbili, na Veneranda akamshukuru kwa kumpunguzia ugomvi. Ikichakaa, inabandikwa nyingine. Hakuna aliyejiuliza mtengenezaji wa gemu alikiweka kitufe kile kwa kazi gani. Sisi binadamu tukishapata plasta, tunaona tumepona.

Kisha akaja Dismasi. Huyu alifungua kibanda chake mkabala kabisa, na gemu lake lilikuwa la damu tupu. Hakuna mji, hakuna daraja, hakuna safari. Ni watu wanakatwa, damu inaruka, inachuruzika kwenye kioo mpaka unataka kuchukua kitambaa ufute. Akaweka redio kubwa nje ili vilio vya watu wake visikike hadi njia panda. Vijana wakahama kama siafu. Veneranda naye, kwa hasira za kibiashara, akanunua spika akaiweka mlangoni, na milio ya bunduki ya Piga Mji ikawa inajibizana na vilio vya Dismasi mchana kutwa. Hapo alikosea, tuseme ukweli.

Maana ulikuwa ndio mwaka ule Warundi walipoanza tena kuvuka. Kila siku meli na maboti yaliwashusha, uwanja wa mpira ukajaa watu waliolala juu ya nyasi, magari meupe ya mashirika yakarudi mjini kama vile hayakuwahi kuondoka. Wengi walipelekwa kambini, wachache wakafikia kwa ndugu. Mmoja wa hao alikuwa Eufrasia, mwanamke mdogo, mkimya, aliyefikia kwa shangazi yake aliyeolewa Buzebazeba zamani. Shangazi alimpa sinia, akaanza kutembeza mihogo ya kukaanga.

Siku hiyo Eufrasia alipita mbele ya kibanda wakati Martini ameingia kwenye mtaa wa sokoni ndani ya gemu. Spika ikapasua. Eufrasia akalitupa sinia, akajirusha mtaroni, kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Mihogo ikatapakaa kwenye matope. Na vijana, Mungu awasamehe, wakacheka.

Veneranda hakucheka. Alichomoa waya wa spika, akashuka mtaroni yeye mwenyewe na kanga yake safi, akamwinua yule mwanamke. "Ihangane," akamwambia, yaani pole, vumilia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Akamwingiza ndani, akampa maji. Eufrasia alikunywa, akatulia, kisha macho yake yakaenda kwenye kioo. Martini alikuwa amesimamisha gemu. Pale chini alilala muuza mboga, mafungu yake ya mchicha yamemwagika kutoka kwenye toroli.

"Uyu ni nde?" Eufrasia akauliza. Huyu ni nani?

Martini akakuna shingo. "Si mtu huyo, dada. Ni gemu."

"Najua ni gemu. Nimeuliza ni nani." Kisha akasema polepole, macho yakiwa bado kwenye kioo, "Mume wangu alikuwa akiuza mboga. Tulikimbia. Hakuna aliyemsemea hata neno moja."

Veneranda alihisi aibu imempanda kuanzia miguuni. Yeye, mwana wa Kidahwe, aliyesimama kwenye makaburi mangapi, alikuwa amekaa miaka yote kwenye kigoda chake akitazama watu wanaanguka kila siku, na hakuwahi hata kuuliza mmoja wao ni wa nani. Akainuka. Hakujua atafanya nini mpaka sauti ilipomtoka.

"Marehemu," akaanza, na vijana wakageuka, "alizaliwa katika mji huu mnaouona umebomoka, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu. Hakupenda shule, alipenda udongo. Mchicha wake aliumwagilia mwenyewe alfajiri, na akimpimia mama mwenye watoto wengi, alikuwa anaongeza fungu moja na kujifanya amekosea kuhesabu. Leo asubuhi alimwambia mkewe atarudi mapema. Ameacha mjane. Ameacha na hilo toroli. Bwana ametoa na Bwana ametwaa."

"Jina lake lihimidiwe," wakaitikia vijana, kwa mazoea tu, kisha wakatazamana wakishangaa midomo yao. Mmoja akaanza kucheka, akaishia katikati. Eufrasia alikuwa analia, lakini kile kilio cha mtu aliyetua mzigo. Siku ile ile Veneranda akatangaza sheria: kwake hapo, ukiua, unatoa wasifu. Unaweka pedi chini, unasimama, unamtaja uliyemuua, ndipo unaendelea. Hutaki, mlango ule pale, na Dismasi yule pale.

Wengi walikwenda kwa Dismasi. Kibanda kikapata jina jipya, Kwa Mama Matanga, na Dismasi mwenyewe akavuka barabara kuja kumpa pole ya kejeli.

"Dada yangu, watu wanalipia damu. Wewe unawauzia msiba."

"Damu yako haina mwenyewe, Dismasi," Veneranda akamjibu bila kuinuka kwenye kigoda. "Na damu isiyo na mwenyewe ni rangi tu. Leo watashtuka, kesho watashtuka, keshokutwa watakuambia ongeza. Utaongeza mpaka wapi?"

"Mpaka watakapotosheka."

"Basi utakufa hujafunga duka."

Na kweli, haikupita muda mrefu, vijana wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakijifanya wamepita njia. Kwa Dismasi kulikuwa na kushtuka, lakini hakukuwa na kitu cha kusimulia ukifika nyumbani. Kwa Mama Matanga kulikuwa na wasifu. Oya, bwana, wale vijana walijua kutunga. Mzee wa baiskeli alikuwa na wake wawili wasiojuana. Mama wa ndoo alikuwa bingwa wa bao mtaa mzima, na wanaume walikuwa wakikwepa kivuli chake. Watu wasiojua hata kushika pedi walianza kuja kukaa nje kusikiliza. Lakini Veneranda hakuruhusu uvivu. Kijana akisema tu "marehemu alikuwa mtu mzuri," sauti ya tumboni inamrudisha: "Watu wazuri ni wengi. Huyu alikuwaje? Rudia." Na likatokea jambo ambalo hakulipanga. Kwa kuwa kutunga wasifu ni kazi, watu walianza kuwapisha raia wa kwenye gemu. Martini, aliyekuwa akipita sokoni kama upepo wa kusi, sasa alizunguka nyuma ya maduka asije akamgusa muuza mboga. "Nimeshamzika mara nyingi," alisema. "Namjua mpaka shemeji zake."

Lakini mji hauna siri, na habari hubadilika zikitembea. Zilipomfikia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Omari Khalfani, zilikuwa zimegeuka: kuna mwanamke anafanya mzaha na misiba.

Mzee Omari alikuwa Mmanyema wa Ujiji wa asili, nahodha wa zamani wa maboti ya ziwani, mrefu, mkavu, kofia yake haijawahi kukaa upande. Si mtu wa kubeza. Warundi waliposhuka wagonjwa, yeye ndiye aliyekusanya wazee wenzake wakasaidia kuchimba makaburi. Aliwazika watu ambao hakuna aliyejua majina yao. Kwa hiyo alipoitisha mkutano wa mtaa, mbele ya vile vibanda viwili, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, hakuja kutishia. Alikuja kufunga.

Watu walijaa mpaka barabarani. Veneranda alisimama mlangoni pake, mikono imefumbatwa. Kibanda kile ndicho kilichokuwa maisha yake. Kurudi kwenye mawese angeweza. Lakini kufungiwa mbele za watu, kwa kosa la kudharau wafu, yeye aliyelelewa na heshima ya wafu, hilo lingemfuata mpaka Kidahwe, na asingepewa tena karatasi ya marehemu hata akiwa panya.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba, mama." Mzee Omari akawageukia watu. "Mimi sina maneno mengi. Nimezika watu mwaka huu bila kujua jina hata moja. Nimewafukia, nikawasomea dua kama wageni. Halafu nasikia kuna vijana wangu wamekaa humu wanaua watu wasiokuwepo, wanawapa majina ya kutunga, wanacheka. Na ile milio." Akamwonyesha Eufrasia, aliyeletwa kuwa shahidi, amesimama na shangazi yake. "Huyu binti alianguka mtaroni hapo. Kakimbia bunduki huko, kaikuta huku. Mnataka nimwambie nini?"

Hoja ilikuwa nzito, na Veneranda aliijua ni nzito. Dismasi alipoambiwa ajitetee alitoa televisheni yake mlangoni, akawasha, akisema ni burudani tu, watu wataona wenyewe. Damu ikaruka. Kinamama wakapiga ukemi, wengine wakafunika macho ya watoto. Ikaruka tena, wakaguna. Iliporuka mara ya tatu, mzee mmoja nyuma alipiga miayo, akamuuliza jirani yake kama samaki wa mgebuka wameshuka mwalo wa Katonga leo. Dismasi akazima. Kwa mara ya kwanza aliona aibu.

"Na wewe, mama?"

"Mzee, mimi spika niliichomoa siku ile ile," alisema Veneranda. "Kuhusu kucheka, ni kweli wanacheka. Hata Kidahwe kwenye wasifu watu wanacheka, marehemu akitajwa vizuri. Sikuwafundisha kudharau. Nimewafundisha kuuliza, huyu ni nani? Kabla ya hapo walikuwa hawaulizi."

"Maneno mazuri. Lakini gemu lenyewe ni la kuua au si la kuua?"

Veneranda akageuka kuitazama televisheni. Hakujua.

"Basi tuone," alisema Mzee Omari. "Cheza. Si hao vijana, wewe mwenyewe mwenye mali. Uvuke mji huo usimuue mtu hata mmoja, mwenye silaha na asiye na silaha. Ukifika, kibanda kibaki. Ukiua mmoja, utanikabidhi ufunguo, na hata huo wasifu usiutoe."

Martini akamsogelea, jasho likimtoka. "Mama, usikubali. Haiwezekani. Pale darajani kuna kizuizi, wamesimama wenye bunduki, hakuna pa kuzungukia. Hapo lazima upige. Sijawahi kuona mtu akapita bila kuua."

"Nimekaa kwenye kigoda hiki miaka yote," Veneranda akajibu. "Huo mji naujua kuliko Buzebazeba." Akachukua pedi, akaketi mbele ya watu wote, kanga imekazwa kiunoni.

Vidole vyake vilikuwa vizito, tusifichane. Mtu wake aligonga ukuta, akajizungusha kama mlevi wa rubisi, watu wakacheka, hata Mzee Omari akashika ndevu. Lakini njia aliijua. Alipita nyuma ya maduka. Alijibanza kwenye kichochoro mpaka walinzi wa kwanza walipogeuza migongo. Mzee wa baiskeli alipotokea ghafla kwenye kona, Veneranda aliachia pedi kabisa, mikono juu, baiskeli ikampita karibu na pua. "Pita, baba wa wake wawili," alisema, na umati ukaangua kicheko. Mama mwenye ndoo akapishwa. Muuza mboga akapishwa, kwa mbali, kwa heshima. Kicheko kilikuwa kinapungua kila alipopiga hatua. Wazee walikuwa wamesogeza viti. Pembeni ya kioo, pale namba nyekundu ilipozoea kupanda, palikuwa na sifuri.

Akafika darajani. Na kama Martini alivyosema, kizuizi kilikuwa kimefunga njia yote, na wenye bunduki wakasimama mstari mmoja, mitutu imeelekezwa kwake. Kushoto maji, kulia ukuta. Akasimamisha mtu wake. Wale nao hawakupiga, walingoja. Akajaribu kurudi nyuma, mitutu ikamfuata. Akasogea mbele hatua moja, mitutu ikainuka zaidi. Jasho lilimwingia machoni. Alijua akibaki hapo hatakuwa amefika, na asipofika ufunguo ni wa Mzee.

"Weka chini," alisema mtu.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Watu wakageuka. Alikuwa Eufrasia, shahidi wa upande wa pili, amesogea mpaka mbele bila mtu kumwona. Alikuwa hatazami umati. Alikuwa anatazama kile kizuizi kama mtu anayetazama mahali alipowahi kusimama.

"Kwenye kizuizi, mwenye kushika kitu hapiti," alisema. "Mimi nimepita vizuizi vingi. Unaweka chini kila ulicho nacho, unaonyesha mikono. Weka chini hiyo bunduki, mama."

Martini akashika kichwa. "Hicho ni kitufe cha wajinga. Watammaliza."

Veneranda aliitazama ile plasta. Ilikuwa imechakaa, imepata weusi wa vidole vya watu. Akaitia ukucha pembeni, akaibandua taratibu, na chini yake kitufe kilikuwa kipya kabisa, kinang'aa, kama hakijawahi kuguswa. Akakibonyeza.

Mtu wake akainama, akalaza bunduki barabarani, akasimama na mikono mitupu. Watu wote walibana pumzi wakingoja risasi. Haikuja. Mwenye bunduki wa kwanza akateremsha mtutu. Wa pili akateremsha. Kizuizi kikainuka polepole, na mmoja wao akafanya ishara ya mkono, pita.

Akapita. Alivuka daraja lote kwa miguu, mkoba mgongoni, hatua kwa hatua, na Martini akawa anarudia peke yake kama mtu mwenye homa: "Walikuwa wanatuua kwa sababu tumeshaua. Zile namba nyekundu hazikuwa maksi. Mama yangu, hazikuwa maksi."

Kioo hakikuwa cheusi. Ng'ambo ya daraja mtu wake alifungua mkoba, na tazama, haukuwa na risasi. Ulikuwa na barua na barua na barua. Mlango mmoja ukafunguka, akatoka mama, akapokea yake. Ukafunguka wa pili. Mji ule uliokuwa kifusi miaka yote ukaanza kutoa watu: mama wa ndoo, mzee wa baiskeli, wote wale waliozikwa Buzebazeba kila siku, wakatoka wazima, wakakaa barazani kusoma barua zao. Mwisho akaonekana muuza mboga, anapanga mafungu yake ya mchicha kwenye toroli, moja moja, hana haraka. Kumbe toroli hilo la mchicha lilikuwa pale. Miaka yote lilikuwa pale, mtu fulani kwenye nchi ya mbali alikaa akalichora jani kwa jani, akaliweka mwisho wa njia kwa ajili ya atakayefika na mikono mitupu, na sisi tukalibandikia plasta.

Umati ulilipuka. Kinamama walipiga vigelegele mpaka njia panda. Martini alimnyanyua Veneranda na kigoda chake, mwili wote ule, na wenzake wakaja kusaidia. Dismasi alikuwa anapiga makofi naye, akidhani hakuna anayemwona. Mzee Omari, macho kwenye kioo, akavua kofia, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akapangusa uso nayo na kuirudisha mahali pake.

"Aliyetengeneza kitu hiki," alisema, "amewahi kuzika mtu." Akamrudishia Veneranda ufunguo ambao alikuwa bado hajakabidhiwa, yaani akafanya ishara tu ya mkono, pita, kama yule wa kwenye kizuizi. "Kibanda kibaki. Na hiyo plasta nisiione tena."

Eufrasia alikuwa amesimama karibu na kioo, karibu kabisa, kidole chake kinakaribia kumgusa yule muuza mboga. Safari hii hakuuliza ni nani. Alikuwa anatabasamu, na watu waliomwona wanasema hawakujua mpaka siku ile kuwa ana mwanya.

Vijana nao, kwa mazoea, wakaanza kuimba wakipiga viganja kwenye mabati ya kibanda: "Wasifu, mama. Wasifu, mama." Umati ukadakia, barabara nzima ikaimba. Veneranda akainuka juu ya kigoda. Akakohoa, akajiweka sawa kanga kama anavyojiweka sawa kaburini, na watu wakanyamaza wote kumsikiliza. Akatazama kioo, akawatazama wao.

"Leo hakuna marehemu," alisema kwa ile sauti ya tumboni. "Nendeni mkale."